Treni ya Mfano na Njia Nyembamba ya Reli

Sindeni ni mahali palipo katika wilaya ya Handeni, upande wa kuelekea Korogwe. Treni haipiti Sindeni. Mwanafunzi wa huko anayetaka kuiona hana budi kusafiri hadi Korogwe, mahali inapopita njia ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Lakini hata mwanafunzi anayekaa mbali na stesheni anaweza kujifunza jinsi treni inavyofanya kazi. Anaweza kuunda treni ya mfano.

Katika nchi nyingi za dunia wako watu, wakubwa kwa wadogo, ambao hutumia saa zao za mapumziko kuunda treni za mfano. Huunda reli, mabehewa, madaraja na stesheni, vyote vikiwa vidogo lakini vikifuata vipimo vya vitu vya kweli. Wengi wao hupenda zaidi kuiga njia nyembamba za reli, kwa sababu njia hizo zina kona kali na treni fupi, nazo huenea vizuri juu ya meza. Katika somo hili utaunda njia kama hiyo kwa vitu vinavyopatikana karibu nawe. Pia utajua kwa nini nafasi iliyopo kati ya reli mbili ni jambo kubwa.

Geji ni nini?

Njia ya reli ina vyuma viwili virefu vilivyolazwa sambamba juu ya mataruma. Mataruma hulazwa juu ya kokoto. Nafasi iliyopo kati ya vyuma hivyo viwili, ikipimwa kutoka upande wa ndani wa chuma kimoja hadi upande wa ndani wa chuma cha pili, huitwa geji.

Njia zote za reli hazina geji moja. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani. Reli hiyo ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Geji yake ni m 1. Mataruma mengi ya njia hiyo yalitengenezwa kwa chuma, kwa sababu mchwa hula mbao. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina geji ya sm 106.7. Reli mpya ya kisasa, ambayo ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, ina geji ya sm 143.5. Geji hiyo ya sm 143.5 ndiyo inayotumika katika nchi nyingi zaidi duniani. Reli yenye geji ndogo kuliko hiyo huitwa njia nyembamba.

Kwa nini njia nyembamba zilijengwa?

Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893, mwaka uleule ambao ujenzi wa reli ulianza Tanga. Baadaye mashamba makubwa ya mkonge yalienea kando ya reli, pamoja na eneo la Korogwe. Jani la mkonge ni zito, lakini nyuzi zake ni chache. Katika kilo 100 za majani hupatikana kilo 3 hadi 4 tu za nyuzi. Tena majani yakishakatwa hayana budi kufikishwa kiwandani upesi kabla hayajakauka. Kwa hiyo palihitajika njia rahisi ya kusafirisha mzigo mzito kila siku.

Mashamba mengi yalilaza reli ndogo zenye geji ya sm 60. Gurudumu la chuma likiwa juu ya reli ya chuma hupata msuguano mdogo sana, hivyo kichwa kidogo cha treni huweza kuvuta mabehewa mengi yaliyojaa majani. Reli zenyewe zilikuwa nyepesi. Vipande vyake viliweza kuinuliwa na watu na kuhamishiwa sehemu nyingine ya shamba.

Njia nyembamba zilifaa milimani pia. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijengwa reli yenye geji ya sm 75 kutoka Tengeni, karibu na Muheza, kupanda kuelekea Sigi katika milima ya Usambara. Kazi yake ilikuwa kuteremsha mbao. Reli hiyo iling'olewa zamani, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi ingali imesimama. Nchini India njia ya Darjeeling, yenye geji ya sm 61, hupanda mpaka kimo cha zaidi ya m 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Kuchagua skeli

Kabla ya kuunda treni ya mfano, chagua skeli. Skeli huonyesha kitu cha kweli kimepunguzwa mara ngapi. Kwa mfano, mwaka 1968 zilianza kuuzwa nchini Ujerumani treni za mfano zenye geji ya milimita 45, na skeli yake ni 1 kwa 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5. Utapata milimita 1,012.5, yaani karibu m 1. Basi treni hizo ni mfano wa reli yenye geji kama ile ya Tanga.

Sisi tutatumia skeli ya 1 kwa 20, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi. Kila kipimo cha kweli tutakigawanya kwa 20:

Reli ya Tanga: sm 100 ÷ 20 = sm 5
Reli ya shamba la mkonge: sm 60 ÷ 20 = sm 3
Mtu mwenye kimo cha sm 160: sm 160 ÷ 20 = sm 8

Kutengeneza njia na behewa

Vifaa: fito za mianzi zilizonyooka, vijiti, gundi au misumari midogo, vifuniko vinne vya chupa za soda, karatasi ngumu, mrija wa kunywea soda, kipande cha ubao mwembamba, rula na kisu. Mwombe mwalimu au mzazi akusaidie unapotumia kisu na misumari.

1. Kata kijiti chenye urefu wa sm 5 kamili. Hiki ni kipimio chako cha geji.
2. Kata vijiti vya sm 9. Haya ni mataruma. Yapange juu ya ardhi iliyosawazishwa, moja kila baada ya sm 3.5.
3. Laza fito mbili juu ya mataruma na uzifunge kwa gundi au misumari. Kila unapofunga, weka kipimio kati ya fito. Kisilegee wala kisibane.
4. Toboa vifuniko katikati. Gundisha nyuma ya kila kifuniko kisahani cha karatasi ngumu ambacho ni kikubwa kidogo kuliko kifuniko. Kisahani hicho ni ukingo wa gurudumu. Ukingo hukaa upande wa ndani wa reli na kulizuia gurudumu lisitoke nje.
5. Pitisha kijiti chembamba ndani ya kipande cha mrija, kisha kaza gurudumu moja kila upande. Kijiti hicho ni ekseli. Nafasi kutoka ukingo hadi ukingo iwe sm 4.7, yaani pungufu kidogo kuliko geji. Tengeneza ekseli mbili.
6. Funga vipande vya mrija chini ya ubao. Behewa lako liko tayari.

Sukuma behewa juu ya njia. Utaona kwamba magurudumu mawili ya ekseli moja huzunguka pamoja. Ndivyo ilivyo katika treni ya kweli.

Jaribio la 1: Kona

Chomeka kijiti ardhini, ufunge uzi, na uchore robo ya duara yenye nusu kipenyo cha sm 50. Kisha chora nyingine ya sm 53 na nyingine ya sm 55. Laza uzi juu ya kila mstari, halafu unyooshe na kuupima.

Utaona kwamba mstari wa sm 53 ni mrefu kuliko ule wa sm 50 kwa karibu sm 5. Mstari wa sm 55 umeuzidi ule wa sm 50 kwa karibu sm 8. Kwa hiyo katika kona gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani, na kadiri geji inavyokuwa kubwa ndivyo tofauti inavyozidi. Hii ni sababu moja inayofanya njia nyembamba iweze kupinda zaidi. Sababu nyingine ni kwamba mabehewa yake huwa mafupi.

Jaribio la 2: Umbo la gurudumu

Chukua vikombe viwili vya karatasi vilivyo sawa, vyenye mdomo mpana na kitako chembamba. Viunganishe mdomo kwa mdomo. Viweke juu ya fito mbili zilizoinamishwa kidogo, uviache viviringike. Hata ukiviweka upande kidogo, hujirudisha katikati. Sasa viunganishe kitako kwa kitako. Safari hii huanguka upesi.

Gurudumu la treni lina umbo kama lile la vikombe vya kwanza. Ni nene zaidi upande wa ndani. Ekseli ikisogea kushoto, gurudumu la kushoto hukanyaga reli kwa sehemu yake iliyo nene, husafiri mwendo mrefu zaidi, na ekseli hurudi katikati. Ukingo husaidia pale tu umbo hilo lisipotosha.

Jaribio la 3: Kupinduka

Tafuta vipande viwili vya mbao vilivyo sawa, vyenye upana wa sm 6 na kimo cha sm 8. Chini ya kila kimoja gundisha vijiti viwili sambamba. Katika cha kwanza viachane kwa sm 5, na katika cha pili kwa sm 3. Visimamishe kando kwa kando juu ya ubao. Pigilia ufito mwembamba mbele yake ili visiteleze. Inua ubao polepole upande mmoja.

Kipande chenye nafasi ya sm 3 hupinduka kwanza. Kitu hupinduka wakati kitovu chake cha uzito kinapopita nje ya mahali kinapokanyaga. Weka jiwe dogo juu ya kila kipande na urudie. Vyote hupinduka mapema zaidi, kwa kuwa kitovu cha uzito kimepanda juu. Ndiyo maana treni za njia nyembamba hutakiwa kwenda polepole katika kona, na mizigo yake kupangwa chini.

Sasa umeona faida na hasara. Njia nyembamba hupinda kwa urahisi na gharama yake ni ndogo, lakini haiwezi kuchukua mwendo na mzigo sawa na njia pana. Tena treni ya geji moja haiwezi kupita juu ya geji nyingine. Huko Kidatu reli yenye geji ya m 1 hukutana na reli ya TAZARA. Tofauti yake ni sm 6.7 tu. Hata hivyo ilibidi pajengwe mahali pa kuhamishia shehena kutoka treni moja hadi nyingine.

Kitu kisichopungua

Skeli hupunguza urefu, lakini haipunguzi kila kitu kwa kiasi hichohicho. Treni ikipunguzwa mara 20 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, ujazo wake hupungua mara 20 × 20 × 20, yaani mara 8,000. Kama imetengenezwa kwa vitu vilevile, uzito wake nao hupungua mara 8,000. Kwa hiyo behewa lako ni jepesi mno. Chembe ya mchanga, ambayo haikupunguzwa, inatosha kuliangusha. Fagia njia yako kila mara.

Jaribio la 4: Geji ikiharibika

Legeza ufito mmoja na uusogeze nje polepole, huku ukisukuma behewa. Pima mahali ambapo gurudumu linatumbukia. Utaona kwamba hupungui sana: milimita chache tu zinatosha.

Katika njia ya kweli, misumari, skrubu na vibano ndivyo vinavyoshika geji. Mtu akiving'oa ili auze chuma chakavu, reli huachana, na behewa lenye watu linaweza kuanguka. Kwa hiyo usichukue hata msumari mmoja kutoka kwenye reli. Usiweke jiwe juu yake, wala usicheze hapo. Ukiona kibano kimelegea au kokoto zimezolewa na maji ya mvua, mwambie mwalimu, mzazi au mfanyakazi wa stesheni siku hiyohiyo. Treni ya kweli haiwezi kusimama ghafula.

Maswali na kazi

1. Geji hupimwa kutoka wapi hadi wapi?
2. Kwa skeli ya 1 kwa 20, reli ya Sigi itakuwa na geji ya sm ngapi?
3. Kwa nini mashamba ya mkonge yalihitaji reli nyepesi?
4. Eleza kwa nini behewa lenye mzigo uliopangwa juu hupinduka upesi.
5. Reli nyingi za mashamba zimekwisha kung'olewa, na matrekta na malori yamechukua kazi yake. Mtafute mzee aliyefanya kazi katika shamba la mkonge. Mwamkie kwa heshima, kisha mwulize reli yao ilipita wapi, mabehewa yalifananaje, na majani yalipakiwaje. Andika majibu yake, halafu uunde behewa hilo kwa skeli ya 1 kwa 20. Mpelekee alione na akusahihishe.