Kujipanga kwa Maada: Tatizo la Istilahi

Katika pwani ya Kwale, kutoka Diani hadi Msambweni, gamba la chaza wa lulu likigeuzwa huonyesha utando unaong'aa. Huo ndio lulumizi. Takriban asilimia 95 yake ni kalisiamu kaboneti, maada ile ile ya matumbawe ambayo waashi wa pwani wameichoma tangu zamani wapate chokaa. Tofauti imo katika mpango: vibao vya madini, kila kimoja kikiwa na unene wa takriban nusu mikroni, vimelala tabaka juu ya tabaka mfano wa matofali, na protini ndiyo inayovishikamanisha. Hapana mwashi. Chaza hutoa protini, na madini hujipanga juu yake.

Mwaka 1999, Joanna Aizenberg, Andrew Black na George Whitesides walichapisha katika jarida la Nature jaribio lililofuata hila hiyo. Muhuri wa polima laini wenye ruwaza ulitiwa molekuli zilizokuwa kama wino, kisha ukagandamizwa juu ya bamba la metali. Pale ulipogusa, molekuli zilijisimamisha kwa safu. Nafasi zilizobaki zikajazwa molekuli za aina nyingine. Bamba lilipotiwa katika mmumunyo wa kalisiamu, fuwele za kalisiti zilizuka mahali palipokusudiwa tu, tena zikielekea upande mmoja.

Dhana hii iitweje kwa Kiswahili? Kupangika hakufai, kwani hutaja uwezekano tu: hata vitabu rafuni hupangika. Kupangana kuna sifa ya kuonyesha kwamba sehemu huathiriana, na kweli molekuli huvutana na kusukumana. Lakini hakukani mkono wa nje. Kujipanga hukukana. Pingamizi ni kwamba kiambishi -ji- hudokeza hiari, kama askari wanapojipanga, ilhali molekuli haina hiari. Pingamizi hilo si zito. Msemaji husema mlango umejifunga, au uzi umejisokota, wala hadhani kwamba uzi una nia.

Ugumu wa kweli umo katika bamba lile, ambapo ruwaza imetiwa na binadamu. Mfasiri huvutwa kuandika kwamba fuwele "zimepangwa na uso", na hapo hukosea: uso huonyesha mahali, haupangi. Yafaa aandike kujipanga kwa kuelekezwa, juu ya uso wenye ruwaza. Mtu wa pwani angependelea nakshi badala ya ruwaza, nalo ni neno zuri. Ila nakshi ni pambo, na alama hizi zina kazi.