Kichwa na Mkia wa Neno: Kiswahili katika Redio ya Upepo ya Polisi, kwa Mfano wa Singida

Redio ya upepo itumiwayo na polisi humruhusu mtu mmoja tu kusema kwa wakati mmoja. Atakaye kusema hubonyeza kitufe, naye muda wote akibonyezapo hawezi kusikia. Akitaka kusikia, sharti akiachie. Katika hili redio ya upepo yatofautiana na simu, ambayo wasemaji wake wawili waweza kukatizana. Tofauti hiyo yaonekana kuwa ya mafundi tu, walakini ina matokeo makubwa katika lugha, na zaidi katika lugha kama Kiswahili, ambayo huweka mambo mazito katika silabi ya kwanza ya kitenzi. Makala haya yaeleza kwanza namna njia za redio zitumikavyo, kisha yaonyesha ni wapi Kiswahili chapata hasara ndani yake, na ni kwa hila gani wasemaji hujikinga.

I. Njia na matumizi yake

Njia moja ya redio ni masafa yaliyotengwa ili watu wa kazi moja wasikilizane. Katika Tanzania, ugawaji wa masafa ni kazi ya Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoanza mwaka 2003. Jeshi la polisi la mji wowote huhitaji walau njia moja ya doria za kila siku, ambayo vituo, magari na askari wa miguu huisikiliza pamoja. Njia nyingine ya kuunganisha makao ya mkoa na wilaya. Na njia ya akiba, ili shughuli kubwa kama vile msako, moto, au ziara ya kiongozi isije ikaziba njia ya doria. Msingi wa mpango huo ni mmoja: wawili wakisema pamoja katika njia moja, aghalabu hasikiki hata mmoja wao, au husikika yule mwenye nguvu zaidi. Kwa sababu hiyo adabu ya kwanza ya redio ni kunyamaza na kusikiliza kabla ya kusema, na ya pili ni kusema kwa ufupi.

Mkoa wa Singida, ulioanzishwa mwaka 1963 kutoka katika Jimbo la Kati la zamani, waonyesha vizuri ugumu wa kazi hiyo. Eneo lake lazidi kilomita za mraba 49,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2. Mji wenyewe umekaa kati ya maziwa ya Singidani na Kindai, katikati ya majabali makubwa ya matale, nazo barabara kuu za kwenda Dodoma, Nzega na Babati hukutana hapo. Mawimbi ya masafa ya juu sana, ambayo hutumika katika redio za mkononi, husafiri karibu kwa mstari ulionyoka. Kwa hesabu ya kawaida ya upeo wa mawimbi, askari wawili waliosimama katika uwanda ulio tambarare hupotezana baada ya kilomita 12 hivi, na jabali moja latosha kuwatenga mapema zaidi. Kutoka Singida mjini hadi Manyoni ni zaidi ya kilomita 100. Hapana budi basi kuweka juu ya kilima au mlingoti mrefu mtambo upokeao sauti na kuirusha tena kwa nguvu. Ama sivyo, kutumia masafa ya chini zaidi, ambayo hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana, ila kwa sauti yenye mikwaruzo.

Na hapa ndipo jambo la lugha lianzapo. Kitufe kikibonyezwa, redio huhitaji kitambo kidogo kabla ya kuanza kurusha. Nao mtambo wa kilimani huhitaji kitambo kingine kuamka. Msemaji mwenye haraka, au mwenye hofu, huwa amekwisha kutamka silabi moja au mbili kabla ya njia kufunguka. Silabi hizo hazimfikii mtu yeyote.

II. Kichwa cha neno

Wamarekani waliugundua upungufu huu zamani. Katika miaka ya 1930 polisi wa jimbo la Illinois walikuwa na mitambo iliyochelewa kuwaka, na silabi ya kwanza ya kila tamko ilipotea. Charles Hopper, aliyesimamia mawasiliano yao, alibuni mwaka 1937 tarakimu za siri ambazo zote zilianza na neno "kumi". Neno hilo halikuongeza maana kubwa. Kazi yake ilikuwa kuliwa na mtambo, ili tarakimu ifuatayo ipite salama.

Mwingereza akipoteza silabi ya kwanza ya sentensi, mara nyingi hupoteza kiwakilishi tu. Mswahili hupoteza nini? Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya maelezo haya, nayo yapangwa kwa nyakati.

Katika wakati uliotimia: "tumemwona" na "hatujamwona". Silabi ya kwanza ikikatwa, husikika "memwona" na "tujamwona". Kiambishi -ja- chabaki kukanusha, wala hapana wa kudanganyika.

Katika wakati uliopita: "tulimwona" na "hatukumwona". Hapa pia -ku- yabaki kulinda maana.

Katika wakati uliopo: "tunapita" na "hatupiti". Irabu ya mwisho imegeuka, na -na- imetoweka. Msikilizaji ana alama mbili.

Katika wakati ujao: "tutafika" na "hatutafika". Silabi ya kwanza ya tamko la pili ikikatwa, kinachobaki ni "tutafika", yaani kinyume kamili cha kilichosemwa.

Wakati ujao ndio pekee kati ya hizo nne ambao mzigo wote wa ukanushi wake umewekwa juu ya silabi ya kwanza. Ndivyo ilivyo kwa "hawatapita", ambayo hugeuka "watapita", na kwa "gari halitasimama", ikiwa neno "gari" limetangulia katika tamko lingine. Katika nafsi ya pili na ya tatu za umoja hali ni mbaya zaidi. Tofauti ya "utafika" na "hutafika", au "atafika" na "hatafika", ni konsonanti h peke yake, ambayo ni pumzi tu. Kuiangusha h na kuiongeza pasipostahili ni mazoea ya wasemaji wengi, na chombo cha redio huipunguza zaidi hata ikitamkwa sawasawa. Katika nafsi ya kwanza, "sitafika" iliyokatwa kichwa huwa "tafika", na mtu wa pwani aliyezoea kusema "takuja" kwa maana ya "nitakuja" ataisikia kuwa ni ahadi.

Hatari yenyewe yastahili kutazamwa kwa makini. Neno lililoharibika kwa kawaida hujulisha kuwa limeharibika, na msikilizaji huomba lirudiwe. Bali "tutafika" ni neno zima, lenye sarufi safi. Kosa lake halina kovu. Askari aliye peke yake barabarani, akiwa ameuliza kama wenzake watafika, hana sababu ya kuuliza mara ya pili. Ataendelea kuwangoja watu ambao wamekwisha kumwambia hawaji.

III. Mkia wa neno

Upande wa pili kuna mkia. Msemaji aachiaye kitufe mapema hukata silabi ya mwisho. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na ya mwisho hutamkwa kwa sauti dhaifu. Walakini humo ndimo kikaapo kiambishi cha kutendwa. Baina ya "askari amepiga" na "askari amepigwa" kuna w tu. Baina ya "amekamata" na "amekamatwa" ni vivyo hivyo. Anayesubiri kujua kama apeleke gari la wagonjwa au gari la mahabusu ategemea herufi moja iliyo ukingoni mwa neno.

Yafaa sasa kuyatazama upya maneno mawili ambayo wapenzi wa Kiswahili huyalaumu: "roja" na "ova". Hakika yametoka katika Kiingereza, nayo husemwa pengine kwa majivuno. Lakini "ova" isemwapo mwishoni mwa kila tamko huufunika mkia wa habari. Kitufe kikiachiwa mapema, kinacholiwa ni "ova", wala si -wa. Kadhalika, desturi ya kutaja kwanza jina la anayeitwa, kisha la anayeita, huufunika upande wa kichwa: kinacholiwa ni silabi ya jina, ambalo laweza kurudiwa, wala si ha- ya ukanushi. Vipande hivyo viwili ni kama ganda la karanga: hailiwi, bali punje haifiki sokoni salama bila ya ganda.

Haisemwi kwamba neno la Kiswahili haliwezi kushika mahali pa "ova". Laweza, mradi litimize masharti matatu: liwe fupi, liishie kwa irabu iliyo wazi, na lisiwe na maana nyingine katika habari za polisi. "Mwisho" lashindwa sharti la tatu, kwa kuwa barabara ina mwisho na zamu ina mwisho. "Ova" halina maana nyingine katika Kiswahili, na huo ndio ubora wake.

IV. Sita na tisa

Kuna hatari ya tatu, ambayo haitokani na kitufe. Redio za namna hii hupitisha sauti za mitetemo baina ya 300 na 3,000 kwa sekunde, takriban. Irabu hupita vema. S, ambayo nguvu yake nyingi iko juu ya kiwango hicho, hupita kwa shida. Sasa zitazamwe tarakimu "sita" na "tisa". Irabu zake ni zile zile, kwa mpangilio ule ule. Konsonanti zake ni zile zile, zimebadilishana mahali tu. Jozi hiyo hurudi katika "sitini" na "tisini", na katika "mia sita" na "mia tisa". Namba ya gari yenye 619 yaweza kupokewa 916, na mkosaji akapita kizuizini huku asiye na hatia akiteremshwa garini.

Asili ya taabu hii yajulikana. Sita, saba na tisa ni maneno ya Kiarabu. Kiswahili cha kale kilikuwa na tandatu, fungate na kenda. Fungate imebaki kwa siku saba za arusi, na kenda imebaki katika methali isemayo "Kenda karibu na kumi". Katika Kisukuma kenda ndiyo tisa ya kila siku. Neno hilo halifanani na tarakimu nyingine yoyote. Marubani walifanya jambo kama hilo: katika mawasiliano ya ndege neno la Kiingereza la tisa liliongezwa silabi, ili lisichanganywe na tano. Kiswahili hakina haja ya kubuni kitu. Kinalo neno ghalani.

Katika saa pia tahadhari yatakiwa. "Saa mbili" ya Mswahili hutofautiana kwa muda wa saa sita na ile ya hesabu ya saa 24, nayo tena yaweza kuwa ya asubuhi au ya usiku. Njia moja ya redio isiwe na hesabu mbili.

V. Yafaayo kufuatwa

Kutokana na hayo, mambo manne yaweza kupendekezwa kwa wafunzao askari. Kwanza, kitufe kibonyezwe, msemaji avute pumzi moja, ndipo aseme. Pili, ukanushi wa wakati ujao usiachwe peke yake: badala ya "hatutafika" pasemwe "hapana, hatuwezi kufika". Hapo ukanushi umewekwa mahali pawili, na hata "tuwezi kufika" halifanani na ahadi. Tatu, penye kutendwa atajwe mtenda: "amepigwa na kijana". Nne, tisa iitwe kenda.

Mafundi wameboresha mitambo mwaka hata mwaka, na vitambo vya kuchelewa vimepungua. Sarufi haikubadilika. Maadamu "tutafika" na "hatutafika" zitatofautiana kwa silabi moja ya mbele, mlinzi wa silabi hiyo ni askari mwenyewe, na kimya kile kifupi akaacho nacho baada ya kubonyeza kitufe.