PHP Haijafa, na React Si Dini

Kila mwaka hujitokeza mtu wa kutangaza msiba wa PHP. Lugha hiyo, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994 kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, haijaenda popote. WordPress imeandikwa kwa PHP, nayo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Wikipedia imesimama juu ya lugha hiyohiyo. Hata Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, liliandikwa kwa PHP. Anayetaka kutengenezea tovuti shule, hoteli na maduka ya mjini kwake hana sababu ya kuikimbia, ingawa ajiandae: washindani ni wengi na wateja wanapenda kuvutana bei.

Anayewinda ajira ya ng'ambo ataulizwa zaidi habari za JavaScript, hasa React, ambayo Facebook iliitoa bure kwa umma mwaka 2013. Kwenye mifumo mikubwa ya taasisi, Java bado ina wenyewe. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania na Kenya, upande wake wa seva ni Java, na programu zake mpya za upande wa mtumiaji ni React.

Basi kijana ajifunze React tu, mambo yaishe? Waliobobea kwenye AngularJS, zana nyingine ya JavaScript, waliwahi kuwaza hivyohivyo. Google iliitoa mwaka 2010, ikapendwa, waajiri wakaigombania. Mwaka 2016 ikaja Angular mpya, iliyoandikwa upya kabisa, na kuhamisha kazi ya zamani kukawa shughuli pevu. Mwisho wa 2021 Google ikaacha kuitunza ile ya kwanza. Nayo Flash, teknolojia nyingine ya wavuti iliyowahi kutamba, ilikuwa imeagwa na Adobe mwaka mmoja kabla.

Waliovuka salama ni waliokuwa wakiijua JavaScript yenyewe, lugha ambayo Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 mwaka 1995 na ambayo vivinjari vyote vikuu vinaielewa hadi leo. Wao walibadili zana tu.

Kabla ya kulipia kozi yoyote, soma matangazo ya kazi ya mahali unapotaka kuajiriwa, uone ni majina gani yanayojirudia. Ukibaki njia panda, anza na JavaScript pamoja na hifadhidata za SQL. React au Laravel ya PHP itafuata kulingana na anayelipa.