Nauli, Unga na Dawa za VVU Shinyanga

Dawa za kufubaza VVU hutolewa bure, lakini nauli ya kufika kliniki na unga wa ugali mgonjwa hujitafutia mwenyewe.

Kuanzia 2013, watafiti mkoani Shinyanga walisajili wagonjwa wapatao 800 walioanza dawa karibuni na waliokuwa na uhaba wa chakula. Wote walipewa ushauri wa lishe. Baadhi waliongezewa unga wa mahindi, maharage na karanga. Wengine waliongezewa takriban Sh22,500 kwa mwezi, kwa hadi miezi 6, mradi wahudhurie kliniki.

Baada ya miezi 6, waliokuwa na dawa mkononi kwa angalau asilimia 95 ya siku walikuwa asilimia 63 kwa ushauri pekee, 79 kwa chakula na 85 kwa fedha.