Mwiba wa Samaki na Tiba ya Mfupa

Ajali za bodaboda zimetufundisha uchungu wa mfupa uliovunjika. Mfupa ukisagika, au jino likang'oka na taya kubaki na pengo, tabibu huhitaji kitu cha kuliziba ili mfupa mpya upate pa kuota. Mjini Eldoret, ambako Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hupokea wagonjwa kutoka kaunti nyingi za magharibi ya Kenya, haja hiyo inajulikana vyema.

Kitu hicho huwa, mara nyingi, ni kauri ya tiba: unga au punje nyeupe za haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosforasi. Madini ya namna hiyo ndiyo takriban thuluthi mbili za uzito wa mfupa wa mwanadamu, na kwa hiyo mwili huyapokea kwa wepesi.

Lakini unga huo hutoka wapi? Mwingine hutengenezwa kwa kemikali, mwingine hutokana na mifupa ya ng'ombe, na mwingine ya nguruwe. Hapo ndipo Muislamu husita. Samaki, aliyehalalishwa bila ya kuchinjwa, huiondoa shaka hiyo.

Mali ghafi yenyewe haiko mbali na Eldoret. Mjini Kisumu, viwanda huchukua mnofu wa mbuta wa Ziwa Victoria na kuupeleka ng'ambo. Mifupa inayosalia, iitwayo "mgongo wazi", hununuliwa na kina mama wa Obunga, wakaikaanga na kuiuza. Mlaji akishiba, miba hutupwa.

Wataalamu huichemsha mifupa ya samaki ili nyama na mafuta yatoke, huikausha, kisha huichoma katika tanuri kwa joto la baina ya digrii 600 na 1,000 za Selsiasi. Joto likiwa dogo, masalia ya nyama hubaki; likizidi mno, madini hubadilika. Kazi hii ni ya maabara, si ya jikoni.

Kina mama, mgonjwa wenu akiandikiwa unga wa mfupa, ulizeni umetokana na mnyama gani, na kama kuna mwingine. Ukikosekana, msiikatize tiba. Muulizeni mwanachuoni, kwani dharura ina hukumu yake. Na vijana wetu wanaosoma sayansi, hata katika Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret, wasiudharau mwiba.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.