Vidonge vya Wasiwasi na Vidonge vya Sonona

Mama anayetoka Mollo kwenda hospitali mjini Sumbawanga kwa sababu halali usiku, anaweza kurudi na diazepamu au na amitriptilini. Ni rahisi kuziita zote vidonge vya mawazo, lakini kazi zake si moja.

Diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium, hutuliza ndani ya saa moja hivi. Hapo ndipo penye mtego. Ukiimeza kila siku kwa majuma kadhaa, mwili huizoea. Ukiiacha ghafla wasiwasi hurudi kwa nguvu, mikono hutetemeka, na wengine hupata degedege. Ikichanganywa na pombe inaweza kuua. Tena hupita kwenye maziwa ya mama, mtoto akalegea kwa usingizi.

Amitriptilini na fluoksetini ni dawa za sonona, ingawa daktari huweza kuzitoa pia kwa wasiwasi wa muda mrefu. Nafuu huchukua majuma mawili hadi manne kuonekana. Wapo wanaoziacha juma la kwanza, wala sishangai: amitriptilini hukausha kinywa na kusinzisha mchana, huku huzuni iko palepale. Hazileti uchu wa dawa, lakini nazo zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, masika yakiharibu barabara usingoje kidonge cha mwisho. Nenda mapema, na ukitaka kuacha, daktari akupunguzie kidogo kidogo. Vilivyobaki usimgawie jirani, hata akilia.