Kompyuta inasema haina diski? Kabla ya kununua ingine, tafuta draiva

Fundi amechomeka fulashi, ameanza kuweka Windows upya, na baada ya dakika chache skrini inaandika kwa Kifaransa kwamba haikupata diski hata moja. Mwenye mashine anamwangalia fundi. Ndani ya mashine hiyo kuna TFC yake, picha za familia na hesabu za duka. Kisha anasikia jibu linaloumiza: «Diski imekufa. Leta dola tununue ingine.»

Hali hii inaweza kumpata yeyote anayenunua mashine ya okazyo, awe Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi. Lakini mara nyingi diski hiyo ni nzima. Kinachokosekana ni programu ndogo inayoitwa draiva. Kwenye skrini ya Kifaransa utaiona kwa jina la «pilote».

Draiva ni kama mkalimani kati ya Windows na kifaa. Bila mkalimani, diski iko mahali pake, lakini Windows haisikii lugha yake.

Sababu ya kwanza: VMD

Mwaka 2020, kampuni ya Intel ilileta prosesa za kizazi cha 11 kwa ajili ya kompyuta za mkononi. Ndani yake mna mfumo unaoitwa VMD, unaosimama kati ya prosesa na diski. Watengenezaji wengi wanauza mashine zao VMD ikiwa tayari imewashwa. Lakini Windows unayoipakua kwenye intaneti mara nyingi haina draiva yake, ndiyo maana inasema hakuna diski.

Utajuaje kama mashine yako ni ya kundi hilo? Soma jina la prosesa. Ikiandikwa i5-1135G7, namba 11 baada ya kistari inaonyesha kizazi cha 11. Ikiwa i5-1235U, ni kizazi cha 12.

Shida hii inagusa watu wengi sasa, kwani tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Wengi wanahamia Windows 11, ambayo inakataa mashine nyingi za zamani, na hivyo wananunua zile za miaka ya karibuni.

Hakikisha kwanza diski iko hai

Zima mashine, iwashe tena na uingie katika BIOS. Kwa Dell, Acer na Asus, mara nyingi ni kubonyeza F2. Kwa HP ni F10. Tafuta ukurasa unaoorodhesha vifaa. Ukiona jina la diski na ukubwa wake, basi mashine inaiona, na usiharakishe kutoa pesa. Isipoonekana hata pale, ndipo fundi afungue mashine aangalie kama diski imelegea ao imeharibika kweli.

Kama diski inaonekana, fanya hivi:

1. Kwenye kompyuta ingine, fungua tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine yako, utafute modeli yako kamili, na upakue draiva ya Intel RST.

2. Usiiweke kwenye fulashi jinsi ilivyo. Hapa ndipo wengi wanakwama: wanaweka faili ya .exe, lakini programu ya kuweka Windows inatafuta faili zenye mwisho wa .inf. Kama umepata faili ya SetupRST.exe, fungua dirisha la amri mahali faili ilipo na uandike: SetupRST.exe -extractdrivers C:\RST. Kisha nakili folda hiyo ya RST kwenye fulashi.

3. Rudi kwenye mashine yenye shida. Skrini ikisema hakuna diski, bonyeza «Charger un pilote», kisha «Parcourir», uchague folda ya VMD iliyo ndani ya RST.

4. Chagua draiva inayojitokeza na uendelee. Baada ya muda kidogo diski inaonekana.

Hapo simama kwanza. Ukiona sehemu za diski, maana yake faili za zamani bado ziko. Usifute sehemu yoyote kama hujanakili kazi zako mahali pengine.

Njia ya mkato yenye hatari

Mafundi wengine wanaingia BIOS na kuzima VMD. Diski inaonekana mara moja, na kwa mashine isiyo na kitu ndani njia hiyo inafaa. Lakini kama Windows ya zamani ilikuwa imewekwa VMD ikiwa imewashwa, inaweza kukataa kuwaka na kuonyesha skrini ya buluu. Tena, kama diski imefungwa kwa BitLocker, mashine inaweza kuomba ufunguo wa tarakimu 48. Ikiomba hivyo, ufunguo mara nyingi unapatikana katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Usikubali VMD izimwe kabla ya kuuliza faili zako ziko wapi.

Wakati mwingine kosa ni la fulashi

Kuna ujumbe mwingine unaosema draiva ya DVD, ya USB ao ya diski haipo. Huu mara nyingi hauhusu draiva kabisa. Faili ya Windows ilikatika wakati wa kupakua, kwa sababu ya umeme ao mtandao, ao fulashi yenyewe imechoka. Linganisha faili yako na namba ya SHA256 ambayo Microsoft inaweka kwenye ukurasa wa kupakua Windows 11. Andika: certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Herufi moja ikitofautiana, pakua tena. Tumia fulashi nzima ya GB 8 ao zaidi, na ujaribu kuihamishia kwenye tundu lingine.

Kwa anayeweka bado Windows 7 ya mwaka 2009, sababu ni ingine: haikuja na draiva ya USB 3.0. Hamisha fulashi kutoka tundu la buluu uiweke kwenye la USB 2, kama mashine inalo.

Wi-Fi ikikosekana

Windows 11 ikishaingia, inaweza kukuomba intaneti huku haijui kadi yako ya Wi-Fi. Chukua simu ya Android yenye mega, iunganishe kwa waya wa USB, na uwashe «partage de connexion via USB». Mashine itapata mtandao kupitia simu, na Windows Update itatafuta draiva zingine. Angalia mega zako, kwani Windows Update inaweza kuzimaliza haraka.

Kwa hiyo, siku fundi atakapokuambia diski imekufa, mwombe jambo moja tu: «Nionyeshe katika BIOS.» Ombi hilo halilipiwi, na linaweza kuokoa pesa zako pamoja na TFC yako.